Siku Redio Iliponyamaza

Magharibi ya Ufaransa, kijiji ambacho
ukungu hulala mashambani hadi saa nne
na kengele ya kanisa hupigwa na mashine,
Mauricette Guérineau ana banda la sungura themanini na saba.
Si sungura wa ngano, nakwambia mapema:
hapana aliyemlaghai simba kisimani,
hapana aliyempanda fisi mgongoni akaenda naye harusini.
Hawa hila zao ziliishia kwenye waya.
Weupe, wamefura kama pamba iliyopasuka,
kila mmoja na kizimba chake, kila mmoja na namba sikioni
ya wino wa kijani, iliyotobolewa kwa koleo.

Kila siku ya mia, huvunwa.
Neno ni la Firmin, marehemu mumewe:
"tunavuna", kama vile kabichi.
Sungura hulazwa juu ya ubao,
miguu ikafungwa mbele na nyuma,
akanyoshwa kama ngozi inayoanikwa.
Kisha vidole, gumba na shahada:
shika, vuta. Shika, vuta.
Nyoya la kung'olewa lina bei kuliko la kukatwa.
Hilo alifundishwa na mama mkwe,
pamoja na kuweka redio juu ya rafu
na kuifungulia hadi mwisho.
"Utanishukuru," alisema mama yule. Hakuongeza neno.

Miaka kumi na tisa, basi, redio.
Bei ya ngano, mbio za baiskeli,
bingwa wa mawaridi kila Alhamisi,
Mauricette akivuta, akibishana na mtangazaji,
akijaza magunia ya wingu.

Mwezi wa pili, Jumanne, umeme ukakatika.

Namba arobaini na moja alikuwa ubaoni,
ubavu wa kushoto umekwisha, mwekundu,
wa kulia bado theluji.
Mkono umeshazoea; ukavuta mara moja zaidi
ndani ya ule ukimya.

Wanasema sungura ni bubu.
Wanasema Mungu alimpa masikio akasahau sauti.
Uongo. Anayo moja, ameiweka akiba
kwa siku ya kutiwa mbweha meno:
nyembamba, ndefu,
ya mtoto aliyebanwa kidole na mlango.

Mauricette akageuka kuutazama mlango.
Hakuna mtu. Mvua. Ndoo.
Na sungura themanini na sita
wamezisimamisha pua zao zisizotulia.

Sitakudanganya kwamba alilia.
Alisimama na konzi ya nyoya, ina joto bado,
akaanza kuhesabu, maana ni mtu wa daftari:
mavuno matatu na nusu kwa mwaka,
mara themanini na saba, mara kumi na tisa…
hesabu ikamshinda njiani.
Akafungua kamba.
Namba arobaini na moja hakukimbia.
Hilo ndilo lililomchoma: kwamba kamba zilitoka
na miguu ikabaki pale pale ilipofungwa.

Akavua sweta lake, la kijivu, lililofumwa na mama mkwe,
jepesi kama pumzi, sifa ya kijiji kizima,
akamfunika nalo mwenyewe.
Nguo ya kuazima haisitiri, tunasema.
Ya kuporwa je?

Saa tano umeme ukarudi
na redio ikalipuka ikitangaza bei ya dizeli.
Aliichomoa waya.

Haya yote hayakulipa deni la paa.
Mnunuzi wa mjini alipiga simu mara nne;
mara ya tano akajibiwa, "Nyoya hakuna,"
akacheka, akidhani ni bei inapandishwa.
Magunia mawili ya chakula yamebaki.
Jirani, mzee Thibaudeau, ameshauliza
kama nyama yao inauzwa.
Amejibiwa kwa mlango.

Usiku, chini ya jiko la kuni,
namba arobaini na moja anatafuna jani la kabichi.
Jikoni hamna redio siku hizi.
Yanasikika meno tu,
na ukiinama, upande wa kushoto,
utaona vinyoya vifupi kama ukungu kwenye kioo
vikianza kuota, taratibu,
visivyokuwa vya mtu.